Ndoo Nne za Rihani na Kofia ya Mpishi Mkuu

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya fahari. Nimepima mirihani yangu kwa rula. Ule wa majani mapana, rihani tamu, umefika sentimita sitini na moja. Umesimama wima kama askari wa gwaride. Wa limau, hamsini na nne. Wa mdalasini, hamsini na sita. Kivumbasi kimefika sitini na tatu, lakini hicho hakihesabiki. Nilikipanda kwa ajili ya mbu. Kazi yake kunuka, basi.

Ndoo nne zilizokuwa za mafuta ya kupikia, zimepangwa mstari mmoja kwenye roshani yetu, ghorofa ya tatu. Kila ndoo ina kibao chake cha jina, nimeandika mwenyewe. Kwa macho, yote ni majani mabichi tu, wala sijisumbui kuyatazama. Mimi huenda kwa pua. Na pua hii, nasema bila majivuno, haina mwenzake katika kantini yoyote.

Kisa cha furaha: mpishi mkuu wetu anastaafu mwisho wa mwezi. Kantini ya kiwanda cha magodoro, watu mia moja na arobaini, wote huja mezani na vumbi la sponji kichwani. Meneja ametangaza kwamba Ijumaa hii wapishi wawili tuliobaki tupike, kila mtu chakula chake, wafanyakazi waonje vyote viwili kisha wapige kura. Mshindi anavaa kofia ndefu nyeupe na anashika ufunguo wa stoo. Aliyeshindwa atamenya viazi kwa amri ya mwenzake hadi naye astaafu. Mimi ni mpishi wa pili kwa miaka kumi na moja sasa. Viazi nilivyomenya vinatosha.

Mpinzani wangu ni Mizani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hapiki bila mizani. Chumvi anapima. Maji anapima. Juzi alipima vitunguu, akavimenya, akapima na maganda. Tena anakaa jengo hili hili, chini kabisa, kwa hiyo hata nyumbani sipumui. Jioni alipanda kuja kuazima chujio. Akatoka hadi roshani, akatazama mirihani yangu, akasema imestawi. Kwa nini aseme hivyo? Ana lake jambo.

Mke wangu ameuliza kama mirihani haikatwi ncha. Nikamwambia mmea unaokua vizuri haukatwi, kama vile mtoto anayefaulu hapigwi. Mama mkwe akakohoa. Mama mkwe alikuja kutusalimia wiki mbili. Huu ni mwezi wa tano yuko hapa. Sisemi kitu.

Jumapili, 4 Mei

Nimeibiwa. Sijui niandike vipi. Nimetoka asubuhi na rula yangu, nikakuta rihani tamu imekatwa kichwa. Ya limau pia. Ya mdalasini pia. Imekatwa safi, juu kidogo ya majani, kazi ya mtu mwenye utulivu. Sitini na moja imekuwa arobaini na tisa.

Ni Mizani. Nani mwingine? Nimefanya uchunguzi. Kutoka dirisha la ngazi hadi roshani yetu ni mita nne. Mtu akiwa na mti mrefu, akafunga mkasi mbele, akavuta kamba, anafika. Mke wangu akauliza ni nani atakayejisumbua hivyo kwa majani. Nikamwambia husuda haina uvivu.

Wakati wa chai mama mkwe alisema, bila kuulizwa, kwamba rihani ikiachwa irefuke hutoa maua, na ikishatoa maua jani lake huwa chungu. Akaongeza kwamba jani hilo halichemshwi, linatiwa chakula kikishaepuliwa, harufu isipotee. Nilimshukuru kwa heshima zote. Mama wa watu hajawahi kupikia watu mia moja na arobaini. Mimi rihani huitia mwanzo na vitunguu, ikachemka saa mbili hadi ikubali.

Chai yake ilikuwa inanukia limau. Nikamuuliza, akasema ni majani tu. Sikutaka kumchosha kwa maswali.

Jumatatu, 5 Mei

Vichwa vingine vitatu vimekwenda. Ila nami silali. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na leo nimemchimbia Mizani.

Nimeandika mapishi ya uongo. Juu nimeweka maneno SIRI KUBWA na mstari mwekundu. Chini nikaandika ule upuuzi wa mama mkwe, kwamba rihani hutiwa mwisho, moto ukishazimwa. Nikaikunja karatasi, nikaidondosha karibu na mizani yake, nikaondoka nikiimba kwa pua. Akifuata hayo, mchuzi wake utakuwa na majani mabichi yanayoelea, na watu watadhani ni chakula cha mbuzi.

Saa nane Mizani alinirudishia karatasi mbele ya watu. Alisema nimeidondosha, na kwamba aliisoma kwa bahati mbaya na anaomba radhi. Kisha akasema inaonekana nzuri ila haina vipimo, kwa hiyo kwake haina maana. Alikuwa ameweka alama ya kuuliza kwa penseli kando ya kila mstari.

Mpishi mkuu naye akaichukua, akaisoma, akatikisa kichwa taratibu. Akasema baada ya miaka kumi na moja hatimaye nimeelewa. Sijui nimeelewa nini, lakini sifa ni sifa. Nimeipokea.

Jumanne, 6 Mei

Leo ilikuwa siku ya mtego. Nimeamka alfajiri, wote wamelala. Mke wangu alikuwa ameanika mashuka kwenye kamba ya roshani usiku, bado yamelowa. Nikajificha nyuma ya shuka kubwa la buluu na mwiko mkononi. Mpango: mkasi ukitokea tu, naukamata.

Nimesimama saa moja na nusu nzima. Shuka limenilalia kichwani. Maji yakashuka shingoni, yakapita mgongoni, mengine siandiki yalikofika. Sikutikisika. Mwanamume akiamua, ameamua.

Mizani hakutokea. Aliyetokea ni mama mkwe. Alifungua mlango wa roshani akiwa na kikombe chake, akaona miguu yangu chini ya shuka, akasimama kidogo, akafunga mlango polepole. Baadaye nilimsikia akimwambia mke wangu jikoni kwamba asiniulize kitu leo, kwamba kila mwanamume anahitaji mahali pa kulilia.

Lakini ushindi ni wangu. Leo hakuna hata jani moja lililokatwa. Maana yake Mizani amepata habari kwamba nalinda. Maana yake ana mpelelezi. Nimewatazama majirani mmoja mmoja kwenye ngazi. Fundi viatu wa ghorofa ya pili alinisalimu kwa uchangamfu uliozidi.

Nimepiga chafya nne. Vumbi tu.

Jumatano, 7 Mei

Si vumbi. Ni mafua. Pua imeziba, imezibuka upande mmoja, imeziba tena pande zote mbili. Nimenusa kitunguu: kimya. Nimenusa mafuta ya taa: kimya. Nimenusa soksi zangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Siku mbili kabla ya kofia. Pua ndiyo kila kitu changu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaogopa kweli kweli. Niliona mikono yangu ikimenya viazi na Mizani akiyapima maganda.

Ila akili ni nywele, na mimi bado ninazo. Nimegeuza balaa kuwa silaha. Ikiwa kuna mpelelezi, basi na asome vibao. Nimevihamisha vyote, kila kibao ndoo moja kwenda kulia, na cha mwisho nikakirudisha mwanzo. Sasa rihani tamu imevaa kibao cha kivumbasi. Ya limau imevaa cha tamu. Ya mdalasini imevaa cha limau. Na kivumbasi, ewe mwizi, kimevaa cha mdalasini. Karibu ujikatie. Siri iko kichwani mwangu peke yangu, wala siihitaji pua.

Ajabu moja. Kila shina lililokatwa limetoa vichwa viwili. Ndoo zimejaa, majani yamefumana, udongo hauonekani. Mke wangu aliona akatabasamu. Nimemweleza sababu: mmea wangu ukiudhiwa hulipiza kisasi. Umerithi kwangu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeruhusiwa kukaa nyumbani ili nipone kwa ajili ya kesho. Nimejifukiza, blanketi kichwani, kama chapati kwenye hotipoti. Mchana nilisikia ndoo zikiburutwa roshani na ufagio ukipita. Mama mkwe alikuja kunijulia hali, akasema amesafisha huko nje na kupanga vizuri kila kitu, kila kimoja mahali pake, nisiwe na wasiwasi. Nilishukuru. Usafi ni jambo jema.

Jioni Mizani akaleta dawa. Tangawizi, limau, na asali gramu thelathini kamili, ameandika kwenye kifuniko. Alisema angependa tushindane wote tukiwa wazima. Maneno matamu kama hayo! Sijazaliwa jana. Nimekiweka kikombe kando nikichunguze. Mke wangu akakinywa. Nimemwangalia saa tatu nzima. Hajambo kabisa, na koo lake limelainika.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika nikiwa na kofia kichwani.

Lakini nianze mwanzo. Nimechuma alfajiri. Macho yanamwaga maji, pua imekufa, ndoo naziona kama ukungu wa kijani. Hapa ndipo akili ilipofanya kazi. Nataka rihani tamu kwa mchuzi wa nyanya: nikachuma penye kibao cha kivumbasi. Nataka ya limau kwa samaki: nikachuma penye kibao cha tamu. Nataka ya mdalasini kwa kastadi: nikachuma penye kibao cha limau. Nikakatakata yote, vikopo vitatu, nikaandika juu ya kila kopo chakula chake. Mikono ilijua njia.

Kantini, saa tatu. Nimebandika sufuria ya nyanya, nikashika kopo la kwanza nitie majani pamoja na vitunguu kama kawaida yangu. Nikapiga chafya. Si chafya ya mtu mmoja, ilikuwa ya ukoo mzima. Mpishi mkuu akaninyang'anya kopo, akanifunga kitambaa puani na mdomoni, akanisimamisha mlangoni, hatua kumi kutoka jikoni. Akasema nitaongoza kwa mwiko na yeye atanitilia kila kitu.

Nikaashiria kwa mwiko atie majani. Hakutia. Nikaashiria tena. Akaniambia nitulie, anafuata karatasi yangu mwenyewe, ile ya SIRI KUBWA. Saa mbili nimesimama hapo nikitazama mchuzi ukichemka bila jani hata moja, samaki wakiokwa uchi, kastadi ikitokota peke yake. Mtego niliomtegea Mizani ulikuwa unaninasa mimi. Nilitaka kusema lakini sauti nayo ilikuwa imeondoka. Saa sita kasoro mpishi mkuu akazima moto wote. Ndipo akamwaga vikopo, kimoja hapa, kimoja pale, akafunika.

Mizani akapakua kwanza. Tambi zake zilikuwa sawa sahani kwa sahani, ungedhani zimetoka mashine. Rihani kavu ya pakiti, gramu mbili kwa sufuria. Watu wakala. Wakasema ni nzuri. Wakaomba maji.

Kisha changu. Kijiko cha kwanza, kantini ikanyamaza. Nikafumba macho, nikasema moyoni basi, nimekwisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilipofumbua, kulikuwa na foleni. Mama mmoja wa kitengo cha kukata sponji, mtu ambaye kwa miaka sita hajawahi kumaliza sahani yangu, alirudi mara tatu. Wapakiaji walikuwa wanafuta mchuzi kwa mkate. Mmoja alisema unawaka polepole kooni kama karafuu, na kwamba mafua yake yamefunguka. Samaki hawakubaki hata mifupa. Kastadi ilikwanguliwa hadi sufuria ikalia.

Meneja alitoka ofisini, jambo ambalo hafanyi. Akaonja mchuzi, akaonja tena, akaniuliza ni kiungo gani hicho. Sauti haikuwapo, kwa hiyo nilinyoosha kidole juu, kwa fumbo. Kisha akatazama meza, akatazama dirisha, akasema kwa mara ya kwanza tangu afike kiwandani hapa hakuna hata nzi mmoja kwenye kantini. Kweli, hakukuwa na nzi. Hata hao nimewashinda.

Kura zimepigwa kwa kunyanyua vijiko. Mizani, arobaini na tatu. Mimi, tisini na saba. Mpishi mkuu akavua kofia yake, akanivika. Imenishuka hadi kwenye nyusi. Akanipa ufunguo wa stoo, bado una joto la mfuko wake. Nikalia. Nikasingizia mafua.

Jumamosi, 10 Mei

Nimenywa chai na kofia. Nimekwenda dukani na kofia. Mke wangu amesema kitandani hapana.

Mizani amepanda kunipongeza. Akanipa mkono, akasema kwa dhati kwamba hajawahi kula mchuzi kama ule, akaomba nimwambie gramu ngapi. Nikamjibu, sauti imerudi kidogo, kwamba moyo haupimwi. Akatoa daftari akaandika. Nimemsamehe ule wizi wa vichwa, ingawa hajakiri bado. Mkubwa husamehe.

Meneja ametuma ujumbe. Ijumaa ijayo wanakuja wageni wakubwa, wanunuzi wa magodoro ya hoteli. Anataka chakula kile kile. Ameandika: usibadilishe kitu hata kimoja. Nimeusoma ujumbe huo mara tisa.

Jioni pua ilizibuka ghafla, pande zote mbili. Nikakimbilia friji, nikafungua kibakuli cha mchuzi nilichokificha jana. Nikavuta harufu ya ushindi wangu.

Kivumbasi.

Jumapili, 11 Mei

Sikulala. Alfajiri nikaenda roshani. Mama mkwe alikuwa huko tayari, mkasi mdogo wa kushonea mkononi, kikombe ukingoni, anakata ncha za limau na kuzitumbukiza kwenye chai. Hakushtuka. Alinisabahi.

Nikamuuliza kama ni yeye. Akasema ni yeye, na nani mwingine? Alieleza bila haraka. Nyumbani kwake alikuwa na bustani mbele na nyuma. Tangu aiuze nyumba hajashika udongo. Akiamka mapema hapa hana la kufanya, na mirihani yangu ilimsikitisha, imekonda kama fimbo, inataka kutoa maua. Mmea huu usipokatwa kichwa hautoi mikono. Akaona bora asaidie kimya kimya, kwa sababu mkwe wake hapendi kuambiwa. Vibao pia alivirudisha yeye siku ile aliyofagia. Alidhani homa imenichanganya, nimeviweka visivyo. Yeye hanusi mara mbili, anajua. Na ndoo akazihamisha zifuate jua.

Nikahesabu kwa vidole. Vibao vilikuwa sawa, na mimi nikavisoma kwa siri yangu. Mchuzi ukala kivumbasi. Samaki wakala tamu. Kastadi ikala limau. Watu mia moja na arobaini wamelishwa dawa ya mbu, wakarudi mara tatu. Ndio maana nzi walikimbia.

Mke wangu aliposikia alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Mama mkwe hakucheka. Alisema ameonja ule mchuzi wa kibakuli na hajala kitu kizuri namna ile tangu auze nyumba. Nikamwambia asirudi kwake, maana hana kwake, akae. Akasema hakuwa na mpango wa kuondoka.

Kisha akatoa ushauri. Ijumaa nichume tu kivumbasi kwa mchuzi, tamu kwa samaki, limau kwa kastadi, nivisome vibao kama vilivyo, nitie mwisho. Rahisi, alisema.

Rahisi. Ndivyo wanavyoanguka wapishi, kwa njia za mkato. Meneja amesema nisibadilishe kitu hata kimoja, na mpishi mkuu kama mimi hachezei amri. Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa. Ushindi ulitokana na nini? Vibao vilihamishwa: nimevihamisha tena. Havikusomwa kama vilivyoandikwa: nimetunga siri mpya, ndoo tatu kwenda kushoto na moja kurudi, ngumu kiasi kwamba nimeshaisahau mara mbili. Ncha nimepiga marufuku zisiguswe, ili zikatwe kwa siri kama mwanzo na mmea uudhike. Rula imerudi msumarini penye mlango wa roshani, tayari kupima. Mama mkwe ameitikia kwa kichwa, akanywa chai yake. Ilinukia limau. Sikumchosha kwa maswali.

Limebaki jambo moja. Nilipika bila pua, na sasa pua ni nzima kabisa. Nimemwomba mke wangu afue mashuka yote. Ameniuliza kwa nini, nikamwambia ni usafi. Ameyaanika sasa hivi. Nimekwenda kulishika lile la buluu. Linachuruzika vizuri sana. Kesho alfajiri nitakuwa nyuma yake.